Joto la Chumba cha Ghorofa ya Nane

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaosubiri lifti pale tone la maji baridi lilipomdondokea Injinia shingoni. Akainua kichwa. Juu ya ngazi, kijana wa ovaroli ya buluu alikuwa amekumbatia kiyoyozi kama mgonjwa wake.

"Samahani dada! Kinalia, hakijatunzwa."

"Kinalia kwa kuchoka," alijibu, akifuta blauzi yake ya manjano. "Kinafanya kazi ya madirisha. Mmeyaziba yote."

"Niliyaziba mwenyewe, kwa gundi. Amri ya wakubwa." Akacheka. "Wananiita Baridi."

"Nami nimekuja kupima umeme unaoliwa na jengo hili."

"Basi tutakosana."

Hawakukosana. Baridi alimsaidia kubandika vipimajoto ukutani, vidude vidogo kama viberiti, vinavyoandika joto la chumba kila dakika kumi. Na kila saa saba mchana walipanda ghorofa ya nane, kwenye chumba kitupu chenye dirisha pekee ambalo gundi haikulifikia. Walikula hapo, upepo ukizipekua karatasi zake.

"Mpenzi, unaniangalia au unanipima joto?" Baridi alimuuliza siku moja.

"Yote mawili. Kula."

Kisha ripoti ikatoka. Injinia aliandika ukweli: nusu ya viyoyozi viondolewe, madirisha yafunguliwe, vivuli vijengwe upande wa jua. Alipanga kumwambia Baridi jioni ile. Meneja wa jengo akamtangulia, akaisoma kikaoni mbele ya mafundi wote.

Simu aliyompigia Baridi ilipokewa mara moja tu.

"Siku zote hizo unakula na mimi, unajua utakachoandika?"

"Baridi wangu, nisikilize..."

"Ni kazi yangu, Injinia. Nilistahili kuisikia kwako."

Ikakatika.

Wiki sita zikapita. Alilala na simu kiganjani, akaamka nayo kiganjani. Njiani, akiona kiyoyozi kinachodondosha maji, alipunguza mwendo apite chini yake.

Vipimajoto vilikuwa bado ukutani, vikituma namba kwenye kompyuta yake. Asubuhi moja alizifungua ili amalize hesabu za mwisho, akakwama kwenye chumba cha ghorofa ya nane. Hakina mtu, hakina kiyoyozi. Jana joto lilipanda tangu asubuhi, kisha saa saba kamili likashuka nyuzi mbili, likakaa hivyo nusu saa, likapanda tena. Juzi hivyohivyo. Siku iliyotangulia pia. Jumapili tu ndiyo halikushuka. Mtu alikuwa akilifungua dirisha.

Aliugusa mstari ule wa joto kwenye kioo kwa kidole, taratibu, kama anayegusa shavu.

Saa saba ilimkuta akihema mlangoni, ndani ya blauzi ya manjano. Baridi alikuwa amesimama dirishani, chakula hakijaguswa.

"Umejuaje nipo hapa?"

"Chumba kimekusema. Siku thelathini na sita."

Baridi akakitazama kidude ukutani. "Mbea mkubwa, hiki."

"Nilikosea. Si kuandika. Kukuacha usikie kwa mwingine. Nilizipenda mno saa saba zetu, nikaogopa kuziharibu."

Baridi akatoa mfukoni kisu kilichoganda gundi. "Wamenipa kazi ya kuyafungua madirisha. Mia mbili na kumi. Nimefika ghorofa ya tatu. Yakiisha, sijui."

"Hata mimi sijui. Ila nitakuwepo."

Baridi alisogea, akamwachia nafasi dirishani. Injinia alinyoosha mkono akibandue kile kidude, Baridi akaushika mkono ule, hakuuachia.

"Kiache, mpenzi. Kesho saa saba tutakuwa wawili; kiandike joto limepanda."