Uzi wa Tatu wa Josué

Clémence alikuwa uani kwake, mtaa wa Mangobo, Kisangani, akivuruga unga wa mikate ya kukaanga. Mwanawe Josué alikaa kwenye mkeka akicheka peke yake. Alikuwa na miaka mitatu na bado hajatembea. Macho yake yalikuwa membamba, na ulimi ulitokeza kidogo. Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ni uchawi. Mwingine alisema mama alikula samaki mbaya akiwa na mimba. Clémence aliwasikiliza wote, na kichwa kikazidi kumzunguka. Mumewe, Hubert, alikuwa safarini Basoko na mashua ya bidhaa.

Asubuhi hiyo alikuja Ismaël. Kijana huyu alikuwa amemaliza shahada ya kwanza. Sasa alikuwa akijifunza kuchunguza seli, yaani vile vipande vidogo kabisa vinavyojenga mwili. Aliwahi kuchukua damu ya Josué kwa ruhusa ya wazazi. Leo alileta majibu na picha.

"Mama Josué, mutoto iko na trisomie vingt-et-un. Wanaita pia Down. Angalia. Watu wote wanakuwa na hizi mbili-mbili. Hapa, yeye iko na tatu."

Mara simu yake ikalia. Umeme ulikuwa umekatika maabara, na seli alizokuwa akizikuza huko zikipoa zinakufa. Ismaël akaruka juu ya toleka, baiskeli ya abiria, akaenda zake, picha akaiacha. Alizihurumia seli kuliko mama wa mtoto!

Clémence akaitazama picha. Aliona vitu vidogo vyeusi, vyenye mistari, vimejikunja viwili viwili. Akaelewa, au alidhani ameelewa. Minyoo! Moyo wake ukatulia. Baada ya maneno yote yale, kumbe ugonjwa una dawa.

Akamwita wifi yake, Delphine, akamwonyesha picha. Wawili hao waliitana bokilo, yaani shemeji, na Delphine hakusita.

"Bokilo, minyoo tunajua dawa yake. Nitatwanga majani na pilipili, nimupige lavement. Ile ya tatu itatoka leo."

Delphine alimpenda mtoto, hilo tuseme kweli. Alitwanga dawa, akaijaza ndani ya bomba la mpira la kuingizia dawa kwa nyuma, akamlaza Josué kifudifudi mapajani. Mtoto akageuza shingo, akamchekea.

Hapo Clémence akachanganyikiwa upya.

"Bokilo, ngoja."

"Nini tena?"

"Ismaël alisema watu wote wanakuwa nazo. Donc we uko nazo. Mi niko nazo."

"Na basi?"

"Dawa ikiingia, nani ataiambia itoe ya tatu tu, iache zingine?"

Delphine akaliweka bomba chini. Clémence akamnyanyua mwanawe, akaita toleka. Wifi yake akawafuata kwa toleka nyingine, akinung'unika njia nzima.

Maabara walimkuta Ismaël na mwalimu wake, Profesa Nyota. Clémence akaeleza yote. Profesa aliposikia pilipili, alishika kichwa.

"Ismaël, kupima damu ni nusu ya kazi. Elezea mama. Na acha maneno ya cours, ya darasani."

Ismaël akatoka jasho.

"Alors, mama, wakati wa méiose..."

Profesa akakohoa. Kijana akaangalia vidole vya Clémence, bado vina unga.

"Mama, sukari ya mikate unaweka wakati gani?"

"Mwanzo, ndani ya unga."

"Ukiongeza kijiko moja, uvuruge, ukaange, utaweza kuitoa?"

"Ata! Iko pote."

"Bon. Hizi haziko minyoo. Ni nyuzi ndani ya seli. Zinabeba maagizo ya kujenga mwili. Josué alianza na uzi moja ya ziada, toka mwanzo wa mimba. Iko ndani ya mwili yake yote. Dawa ya kuitoa haiko, hata Ulaya. Na pilipili inaweza kuunguza matumbo yake. Inaweza hata kumuua."

Delphine akainama.

"Nani aliileta? Ni upande ya Clémence?" aliuliza.

Clémence aliliogopa jibu hilo kuliko yote.

"Si kosa ya mutu, tantine," alisema profesa. "Nyuzi hazikugawanyika vizuri, mbele mutoto aanze kukua. Si samaki. Si uchawi. Mama hakufanya kitu."

"Sasa tufanye nini?"

"Muganga ya hospitali asikilize moyo yake, juu watoto wengi kama yeye wanazaliwa na moyo yenye shida. Apime macho na masikio. Mumuzoeze kusimama kila siku, muongee naye sana. Atajifunza, polepole."

Hospitalini daktari alisikia sauti isiyo ya kawaida moyoni. Akampa Josué dawa na tarehe za kurudi. Hubert aliporudi, alifunga fito mbili za mianzi uani, mtoto ashike. Delphine ndiye aliyemzoeza kila asubuhi. Ismaël naye alikuja mara kwa mara, na simu aliizima.

Lakini kichwa cha Clémence kilikuwa bado na swali. Miezi kadhaa baadaye, uani, akamuuliza Ismaël:

"Juu ya nini uzi ya tatu ikuje kwake yeye, si kwa mwingine?"

"Mama, hiyo hata sisi hatujui. Ndiyo tunatafuta."

Clémence akacheka sana. Kumbe hata wasomi wanachanganyikiwa!

Ndipo Delphine akapiga kelele. Josué alikuwa ameachia fito. Akaenda hatua moja, akayumba, akaenda nyingine, mpaka akamwangukia shangazi yake kifuani. Delphine alimkumbatia, akalia mbele ya majirani wote.

"Na mi nilitaka kumutoa nini, Bokilo? Nini?"