Mwendo wa Shangazi

Mambo haya yalimpata mchoraji tuliyepakana naye ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba. Alitengeneza magemu peke yake: achore yeye, abuni yeye, alalamike yeye. Asubuhi hiyo alipiga deki chumba chake, kisha akaketi kwenye kompyuta kusoma maoni ya wachezaji. Wote walimsifia kizee mchawi wa gemu lake jipya, anayeburuta mguu wa kushoto. "Anatembea kama mtu kweli," waliandika.

Alikuwa mtu kweli. Ule ulikuwa mwendo wa shangazi yake, aliyemrekodi kwa siri akikatiza uani. Shangazi hakuwahi kumpa neno jema. Mbele ya ukoo mzima alimwita mchora vikaragosi. Basi naye akamtia kwenye gemu ili dunia nzima impige mawe. Roho ilimtulia kabisa, wala sikufichi.

Simu ikaita. Alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi huyo.

"Mama ameanguka. Mguu wake mbovu unahama."

"Unahamaje?"

"Akielekea kulia, anaburuta wa kushoto kama siku zote. Akigeuka, anaburuta wa kulia." Binamu akashusha sauti. "Tangu hilo gemu lako litoke, dada. Sasa hasimami tena."

Mchoraji akamfungua kizee kwenye skrini. Kizee alikuwa amemchora akielekea upande mmoja tu. Upande wa pili, kwa uvivu, aliigeuza picha ileile kama kwenye kioo, kushoto kukawa kulia. Hakuna mchezaji aliyegundua. Hakumwambia mtu.

"Anasemaje?" akanong'ona.

"Anasema umwondolee mwendo wake humo."

Alimchukia shangazi, lakini si kwa kiasi cha kumzika. Akamfuta kizee, picha moja baada ya nyingine, simu ikiwa sikioni. Ya mwisho ilipofutika, binamu akapiga kelele.

"Amesimama! Anatembea! Hachechemei hata kidogo!"

Mchoraji akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaisikia sauti ya shangazi, karibu mno na simu.

"Kaa nao, mchora vikaragosi."

Simu ikakatika.

Alitaka hewa. Akaenda kufungua mlango, akageuka. Sakafu ilikuwa haijakauka, na alama za miguu yake zilionekana vizuri. Unyayo, mchirizi. Unyayo, mchirizi. Wa kushoto.

Miguu haikumuuma. Haikuwa hata mizito.

Akarudi kwenye kiti polepole, akiitazama. Aliinua wa kushoto. Aliinua wa kulia. Aliiona yote miwili ikiacha sakafu. Akaketi. Akaogopa kutazama nyuma, kisha akatazama.

Unyayo, mchirizi. Wa kulia.

Alihama siku ileile bila kumuaga mtu. Sakafu ilikauka kabla ya adhuhuri. Michirizi mpaka leo ni mibichi.