Namba za Mizinga ya Afande Oyat

Tarcisio Oyat alistaafu upolisi, lakini mwili wake haukustaafu. Kila siku aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alipiga pasi shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kujaza maji katika beseni la nyuki.

Ndani ya beseni aliweka mawe madogo. Nyuki walitua juu ya mawe, wakanywa bila kuzama.

"Baba Aol," mkewe Anena alimtania kutoka jikoni, "umevaa hivyo nani anakuja kukukagua?"

"Hawa hapa," Oyat alijibu, akionyesha nyuki. "Wako elfu nyingi. Wote wanatazama."

Nyumba yao ilikuwa Kyebando, mtaa wa mjini, kando ya bonde lenye majimaji. Katika bonde hilo majirani walilima mboga. Mizinga ya Oyat ilikuwa mitatu. Ilikaa nyuma ya migomba, na mbele yake Oyat alisimamisha mabati ya zamani. Mtu akipita njiani hakuona kitu.

Kundi la kwanza la nyuki lilikuja lenyewe. Ilikuwa wiki ile ile Oyat na Anena walipohama kutoka kambi ya polisi. Kwa miaka thelathini waliishi katika chumba cha serikali na kulala katika kitanda cha serikali. Siku ya kuondoka walirudisha vyote stoo. Kule Kyebando walifika na vyombo vichache na kreti moja tupu ya mbao. Mchana mmoja nyuki walikuja kama wingu. Walizunguka uani, wakaingia ndani ya kreti, wakatulia.

Anena aliwatazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hawa hawakutoka stoo. Hakuna mtu atakayetuambia turudishe."

Oyat aliona kreti ile ni ndogo. Kesho yake alitafuta mbao, akatengeneza mzinga mzuri. Rafiki yake mmoja aliyejua nyuki alimfundisha kuwahamisha. Baadaye mzinga mmoja ukawa miwili, na miwili ikawa mitatu. Tangu hapo walikula muhogo wa kuchemsha na odii, ile rojo ya karanga na ufuta, na juu yake kijiko cha asali yao wenyewe.

Siku moja alikuja mwanamke kijana mwenye kofia pana na faili mkononi. Alisimama mlangoni, akasalimu kwa adabu.

"Mzee, mimi naitwa Nusura. Natoka ofisi ya kilimo ya divisheni. Tunaandikisha wafugaji wa nyuki wa mtaa huu. Hapa kuna nyuki?"

"Hakuna," Oyat alisema.

Nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya mfuko wa shati lake. Alipanda polepole mpaka kwenye ukosi. Nusura alimwona. Anena naye alimwona, akageuza uso ili asicheke.

"Kale, ssebo, haya mzee," Nusura alisema kwa upole. "Siwezi kuandika kitu ambacho mwenye nyumba hakukitaja. Karatasi hii ina namba yangu ya simu. Kama mgeni huyo ana nyumba karibu na hapa, nipigie."

Alipokwenda, Anena alimgeukia mumewe. "Miaka thelathini umekamata waongo. Leo umeshindwa kudanganya kwa sababu ya nyuki mmoja."

"Mama Aol, wakiandika, wataweka namba. Na kitu chenye namba ni cha nani?"

Anena alirudi jikoni. Alijua jibu la mumewe, na alijua kidonda chake.

Baada ya wiki mbili, Oyat alirudi kuongeza maji katika beseni. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Hakusikia ule mvumo aliouzoea. Mbele ya mzinga wa pembeni, ardhi ilikuwa nyeusi kwa nyuki. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walizunguka palepale, mabawa yakitetemeka, wasiweze kuruka.

Oyat alichuchumaa. Aliokota nyuki mmoja, akamweka katika kiganja. Anena alipofika alimkuta bado ameshika kiganja wazi, kama mtu anayesubiri kupewa kitu.

"Ni ugonjwa?" Anena aliuliza.

"Sijui," Oyat alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Anena aliinua pua. Upepo ulileta harufu kali kutoka bondeni. Alivaa ndala zake, akaifuata harufu ile mpaka kwenye shamba la Marjan.

Marjan alikuwa jirani yao, mwanamume mnene na mcheshi. Alilima maboga na sukuma wiki. Siku hiyo alikuwa anaosha bomba la dawa. Anena alimweleza alichokiona. Marjan aliacha bomba chini, akaja naye bila hata kunawa miguu. Alipoona nyuki wale, alivua kofia.

"Afande, nimekosa," alisema. "Viwavi wanakula mboga zangu. Leo saa nne nimepuliza dawa, na maboga yako katika maua. Nyuki walikuwa mle mle ndani ya maua."

"Hukuwaona?" Oyat aliuliza.

"Niliwaona. Lakini miaka minne nalima hapa, sikujua kama wewe una nyuki. Nilidhani wanatoka msituni."

"Msitu gani huo wa Kyebando?" Anena aliuliza.

Marjan alikuna kichwa. "Basi ndiyo hivyo, mama. Ningejua, ningepuliza jioni nyuki wakisharudi nyumbani. Lakini Afande mwenyewe amewazungushia mabati. Polisi mzima, anaficha nyuki kama mali ya magendo."

Oyat hakukasirika. Neno lile lilimwingia kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho hajui kama kipo.

Marjan alikaa kitako juu ya jiwe. "Na sikilizeni. Ijumaa ya wiki ijayo watu wa divisheni watapuliza dawa bonde lote. Viwavi wamezidi. Nusura alituambia katika kikundi chetu cha wakulima. Alisema wafugaji wa nyuki walioandikishwa watapigiwa simu mapema ili wafunge mizinga. Nyinyi mmeandikishwa?"

Oyat alitazama mizinga miwili iliyobaki. Mmoja ulikuwa ule wa kwanza, wenye nyuki waliokuja wenyewe. Kabla ya Ijumaa hiyo zilibaki siku kumi.

"Mama Aol," alisema, "ile karatasi yenye namba ya simu iko wapi?"

"Iko ndani ya kopo la chai," Anena alisema. "Nilijua siku moja utaiuliza."

Nusura alikuja kesho yake. Hakusema, "Si nilikwambia?" Alichuchumaa kwanza mbele ya nyuki waliokufa, akainamisha kichwa, kama watu wanavyofanya msibani.

"Poleni sana, bambi," alisema kwa huruma.

Upole ule ulimfanya Oyat aseme jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa ofisi.

"Binti yangu, sikukudanganya kwa ubaya. Kule kambini, kila kitu chenye namba kilikuwa cha serikali. Kitanda, ndoo, meza, vyote viliandikwa namba kwa rangi nyeupe. Mimi nilikuwa na kiti. Baba yangu alikichonga kwa mkono wake, akaniletea. Mwaka mmoja watu wa stoo walihesabu vitu, wakakiandika namba pamoja na vingine. Mimi nilikuwa kazini. Siku ya kustaafu nikaambiwa, 'Kina namba, rudisha.' Nikarudisha kiti cha baba yangu."

Anena aliinamisha uso. Marjan, ambaye alikuja kusikiliza, alisonya polepole.

"Mzee, hapo walikukosea," Nusura alisema. "Siwezi kusema vingine. Ulikuwa na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba kiti ni chako?"

"Sikuwa nayo."

"Sasa sikiliza. Kuandikisha nyuki ni kupata karatasi hiyo. Mama, mtoto wenu Aol alipozaliwa, alipewa kadi ya chanjo?"

"Alipewa," Anena alisema.

"Ilikuwa na namba?"

"Ilikuwa nayo."

"Serikali ilimchukua mtoto?"

"Wangejaribu," Anena alisema. "Kwa jinsi alivyokuwa analia, wangemrudisha asubuhi yake wakiomba msamaha."

Wote walicheka, hata Oyat.

"Namba ya mzinga ni kama namba ya kadi ile," Nusura aliendelea. "Inatusaidia kujua kwamba nyuki wapo, wako wapi, na tumpigie nani simu. Dawa ikitaka kupulizwa, tunakuambia. Nyuki wakipatwa na ugonjwa, tunakuja. Jirani akilalamika, tunakaa pamoja kuzungumza. Lakini mzinga ni wako, na asali ni yako."

"Nilete nini ofisini?" Oyat aliuliza.

"Kitambulisho chako cha taifa. Barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa huu, ya kusema wewe ni mkazi na nyuki ni wako. Ujue idadi ya mizinga na mahali ilipo. Na namba ya simu inayopatikana, si ile inayozimwa wiki nzima."

"Yake ndiyo hiyo inayozimwa," Anena alisema. "Andika yangu pia."

Kabla ya kuondoka, Nusura aliyatazama yale mabati. "Haya yaondoe, mzee. Panda ua wa miti hapa, ukue kupita kimo cha mtu. Nyuki wakikuta ua mrefu, huruka juu, hawagongani na wapita njia. Ua hulinda. Mabati haya yanaficha tu."

Jumatatu Oyat alikwenda ofisi ya divisheni. Shati lilikuwa limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Alisubiri kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Nusura alimpa fomu na kalamu.

"Soma kwanza," alimwambia. "Usisaini kwa mazoea."

Oyat alisoma kila mstari. Alipofika katikati, kalamu ilisimama. Pale paliandikwa, *Mmiliki wa nyuki*, na mbele yake palikuwa na nafasi tupu.

"Kuna tatizo, mzee?"

"Hakuna, binti yangu. Nasoma tu."

Aliisoma mara ya pili na ya tatu. Halafu akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizonyooka, *TARCISIO OYAT*. Aliposaini, aliuliza jambo ambalo hakuliuliza kambini. "Nakala yangu iko wapi?"

Nusura aliandika namba za mizinga, akagonga muhuri, akampa. Oyat aliikunja, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jioni ile alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika namba kwenye mzinga wa kwanza na wa pili. Chini ya kila namba aliandika jina lake. Anena alisimama nyuma yake.

"Herufi zako zimepinda," alisema.

"Hazijapinda. Ni wewe umeinamisha kichwa."

Jumatano simu ya Anena iliita. Ile ya Oyat ilikuwa imezimika. Alikuwa Nusura. "Mama, Ijumaa asubuhi tunapuliza. Kesho jioni fungeni."

Alhamisi, jua liliposhuka, walisubiri mpaka nyuki wote waliporudi. Oyat alifunika mlango wa kila mzinga kwa wavu wenye matundu madogo, ili hewa ipite na nyuki wasitoke. Marjan alileta magunia mawili. Waliyalowesha maji, wakayatandaza juu ya mizinga ili ndani kusiwe na joto. Mbele ya milango waliacha wazi.

"Afande," Marjan alisema, "kuanzia leo nikitaka kupuliza dawa nitapiga hodi kwako kwanza. Na nitapuliza jioni."

Ijumaa watu wa divisheni walikuja na mabomba yao. Harufu ya dawa ilijaa bonde. Oyat alikaa kando ya mizinga kutwa nzima, akilowesha magunia kila yalipokauka. Aliweka sikio lake juu ya mbao. Ndani mvumo ulikuwepo, mzito, kama watu wanaosali kwa sauti ya chini.

Jumamosi asubuhi dawa ilikuwa imekauka. Nusura alipiga simu kusema sasa wafungue. Oyat aliondoa wavu wa mzinga wa kwanza. Kimya. Anena alimshika mkono.

Nyuki mmoja alitoka. Alisimama mlangoni, akasafisha uso wake kwa miguu, akaruka. Akatoka wa pili. Halafu wakatoka wengi, wasihesabike, wakapanda juu ya migomba kwenye jua.

"Apwoyo," Anena alisema kwa Kiacholi. Alimshukuru Mungu. Kisha akamshukuru Nusura, ingawa hakuwepo. Kisha akamshukuru Marjan, ambaye alikuwepo, naye akajifanya moshi wa jiko umemwingia machoni.

Miezi michache baadaye walirina asali. Chupa ya kwanza ilikwenda kwa Marjan, naye akaleta boga kubwa sana. Alisema maboga yake hayajawahi kuzaa hivyo. Chupa ya pili walimpelekea Nusura. Aliirudisha kwa mikono miwili.

"Niko kazini, mama. Sichukui chupa. Lakini kijiko kimoja hakikatazwi."

Akala kijiko kimoja pale pale, macho yamefumbwa. Anena alimwongezea cha pili, akasema kile cha kwanza hakikujaa.

Ule ua aliopanda Oyat mahali pa mabati nao ulianza kukua. Oyat alijitengenezea kiti kipya, akakiweka karibu na mizinga. Siku moja Anena alikuja na kopo la rangi.

"Na hiki tukiandike namba?"

"Kiti kiache," Oyat alisema.

Alikuwa amekaa juu yake msimu uliofuata, wakati mwanamume mgeni mwenye bomba la dawa mgongoni aliposimama njiani.

"Shikamoo, mzee. Tunapita kuuliza kabla ya kuanza kazi. Hapa kuna nyuki?"

Oyat aliinuka, akanyoosha shati lake.

"Wapo," alisema. "Pita uone namba zao."