Yorgelis na Siku ya Tano

Tangu wahamie Chapecó nchini Brazili, Yorgelis alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa shule, ya pili ilikuwa kumsemea mama yake. Dukani alimsemea, kwenye basi alimsemea, na simu ikilia, mama aliishika kama kitu cha moto na kumrushia yeye.

"Pokea, mwanangu. Waulize wanataka nini."

Mama yake, Nohemí, alizungumza Kihispania, na watu wa Brazili huzungumza Kireno. Lugha hizo mbili zinafanana kama dada wawili, na kufanana huko ndiko kulikowaponza. Neno ulilodhani unalijua, kumbe huku lina maana nyingine kabisa.

Walikuwa wakimbizi kutoka Maturín, Venezuela. Huko Nohemí alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne, hadi hospitali ikaishiwa dawa, kisha pamba, kisha hata maji. Walivuka mpaka na kukaa kambini Boa Vista wiki sita. Halafu wakapandishwa ndege pamoja na wenzao wakaletwa huku kusini kwenye baridi, ambako kiwanda cha kuku kilikuwa kinatafuta wafanyakazi. Sasa Nohemí alisimama saa tisa kwa siku akikata mabawa ya kuku kwenye ukumbi wenye baridi kama ndani ya jokofu. Wenzake pale mezani wote walikuwa Wavenezuela, kwa hiyo Kireno hakikumwingia. Jioni alirudi vidole vimevimba, hawezi hata kukanda unga wa arepa, mikate ya mahindi ya kwao.

"Mikono hii ilikuwa inatafuta mishipa ya watoto wachanga," alikuwa akisema. "Sasa angalia."

Cheti chake cha uuguzi alikitundika ukutani juu ya jiko, ingawa huku hakikumruhusu kufanya kazi yoyote.

Shuleni nako Yorgelis hakupumua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kule Maturín alikuwa wa pili darasani. Hapa kila mwalimu alipozungumza haraka, ilimbidi anyooshe mkono: "Samahani, rudia tena." Baada ya wiki mbili mvulana mmoja, Éverton, akampa jina.

"Jamani, Rudia-Tena kaingia!" alipiga kelele kila asubuhi. "Rudia-Tena, umekula nini leo? Samahani, rudia tena?"

Darasa lilivunjika mbavu. Yorgelis akaapa moyoni kwamba hatalisema tena neno hilo. Kuanzia siku hiyo akawa anatikisa kichwa tu, aelewe asielewe.

Mtu mmoja aliyewasaidia sana alikuwa jirani yao, Bi Zenaide, mama mstaafu mwenye sauti nene, ambaye kibuyu chake cha chai chungu hakikumtoka mkononi. Ndiye aliyewaletea mablanketi na jiko, akamtafutia Yorgelis nafasi shuleni na Nohemí darasa la Kireno la kila Jumamosi. Siku moja alikuja mbio hata viatu hakuvaa vizuri.

"Mwambie mama yako," alisema akihema, "kuna nyumba ya kulelea wazee kule mtaa wa juu. Wanatafuta msaidizi wa wauguzi. Nimewaambia habari zake. Watapiga simu!"

Yorgelis alipomtafsiria, Nohemí alikaa chini polepole. "Wagonjwa," alisema. "Nitashika wagonjwa tena."

Simu ililia Jumatatu, tarehe ishirini na tisa Agosti. Sauti ya msichana ilizungumza haraka, na nyuma yake kulikuwa na kelele za vyombo. Yorgelis alishika maneno machache: mama aje kufanyiwa usaili, aje na cheti, saa mbili asubuhi, ya tano.

Ya tano. Akajiuliza, tarehe tano? Mwezi ulikuwa unaisha, tarehe tano haikuwa mbali. Lakini kulikuwa na kitu kilichomsumbua, kwa sababu kwenye ratiba ya shule pia yaliandikwa maneno ya namna hiyo, ya pili, ya tatu, ya nne, na hakuna aliyewahi kumweleza vizuri. Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akamkumbuka Éverton.

"Sawa, nimeelewa," alisema, na simu ikakatwa.

"Lini?" mama aliuliza.

"Tarehe tano. Saa mbili."

"Una hakika? Mpigie tena umuulize."

"Mama! Nimesikia kwa masikio yangu. Mbona huniamini?"

Nohemí akaomba ruhusa kiwandani kwa Jumatatu iliyofuata, tarehe tano. Msimamizi alimpa kwa kununa. Jumapili nzima alipiga pasi shati lake jeupe, akalipiga tena, akafanya mazoezi mbele ya kioo kusema kwa Kireno, "Habari za asubuhi, naitwa Nohemí."

Saa mbili kasorobo walikuwa mlangoni. Mama alisimama hatua chache nyuma, cheti amekikumbatia kifuani. Yorgelis akaenda kwenye dirisha dogo la mapokezi, alikokaa msichana mwenye kibandiko cha jina: Joice.

"Usaili?" Joice alishangaa, kwa sauti ile ile ya kwenye simu. "Lakini ulikuwa wiki iliyopita, dada. Tuliwasubiri hadi saa nne. Nafasi imeshachukuliwa."

"Ulisema ya tano," Yorgelis alinong'ona.

"Ndiyo, siku ya tano. Alhamisi!" Joice alihesabu kwa vidole. "Jumapili ndiyo ya kwanza, Jumatatu ya pili, Jumanne ya tatu, Jumatano ya nne, Alhamisi ya tano. Hukujua? Pole sana. Kweli, pole."

Alhamisi! Siku hiyo mama alikuwa kiwandani akikata mabawa.

"Anasema nini?" mama aliuliza kwa nyuma. "Yorgelis, anasema nini?"

Alimgeukia. Akaliona lile shati jeupe na nywele zilizobanwa vizuri. Uongo ulimtoka kabla hajaupima.

"Anasema... anasema hawataki Wavenezuela."

Nohemí alikitia cheti ndani ya koti, akageuka, akaanza kushuka kilima kwa haraka hata Yorgelis ikabidi akimbie.

Jioni Bi Zenaide alipita kuuliza habari. Nohemí alikuwa anaosha sufuria moja kwa mara ya tatu.

"Mwambie," alimwamuru binti yake bila kugeuka. "Mwambie vile vile walivyotuambia."

Kwa hiyo Yorgelis akalazimika kuusema uongo ule mara ya pili, kwa lugha ya pili. Uso wa Bi Zenaide ukaiva kama nyanya.

"Hawawataki? Hapa Chapecó? Babu yangu mimi alifika hapa kutoka Italia hana hata soksi! Kesho nakwenda huko mwenyewe. Na ninyi mtakwenda na mimi!"

"Bi Zenaide, acha tu, si lazima," Yorgelis alimsihi.

"Ni lazima sana!" Akaubamiza mlango hata madirisha yakalia.

Nohemí alipanda juu ya kiti, akang'oa msumari uliokuwa umeshika cheti ukutani, akakitia cheti mkobani na kuufunga.

"Nitampigia shangazi yako," alisema. "Tunarudi Maturín. Huko nitalala na njaa, lakini hakuna atakayeniambia hanitaki kwa sababu ya nilikozaliwa."

"Mama, tusirudi."

"Kwa nini tubaki? Na lile darasa lao la Kireno la Jumamosi siendi tena. Nijifunze lugha ya watu wanaonifukuza mlangoni? Ya nini?"

Yorgelis aliingia chini ya blanketi akajifunika kichwa. Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo, aliliona lile shati jeupe, na mdomo ukajifunga.

Kesho yake jioni, Nohemí alipotoka kiwandani, Bi Zenaide aliwapakia kwenye gari lake dogo. Alipoingia kwenye ofisi ya mkuu wa nyumba ya wazee, Bi Clarice, hakusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Clarice, nakufahamu miaka ishirini. Sikujua ungeweza kumfukuza mama huyu eti kwa sababu ni Mvenezuela!"

Bi Clarice, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliweka kalamu chini. "Nani kamfukuza?"

"Mtu wako wa dirishani. Jana asubuhi."

Joice akaitwa. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Joice," Bi Clarice alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Ulimwambia mtoto huyu kwamba hatutaki Wavenezuela hapa?"

"Mimi?" Macho ya Joice yalimtoka. "Sijasema! Bi Clarice, naapa sijasema hivyo!"

"Sasa mtoto atakuwa ameyatoa wapi?" Bi Zenaide alifoka.

"Sijui! Mimi nilimwambia siku imepita tu..." Joice alianza kulia. "Nina miezi mitatu tu hapa. Msinifukuze, jamani."

"Kama ulisema maneno hayo," Bi Clarice alisema, "huwezi kukaa hata siku moja zaidi kwenye mlango wangu."

Yorgelis aliitazama mikono ya Joice juu ya aproni. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni na kuvimba vidoleni, kama ya mama.

"Hakusema," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Joice hakusema. Alisema ulikuwa Alhamisi. Mimi ndiye sikuelewa kwenye simu. Sikuelewa, na sikuuliza, nikamwambia mama tarehe tano. Halafu jana nikaogopa." Kireno chake kilikuwa kimevunjika vipande vipande, lakini hakuna aliyemwambia arudie.

Kisha ikaja sauti aliyoiogopa kuliko zote.

"Wanasema nini?" mama aliuliza kwa Kihispania. "Mbona huyu analia? Yorgelis, umewaambia nini?"

Hapo hakukuwa na mtu mwingine wa kumsemea. Yorgelis alimgeukia mama yake na kumtafsiria maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine: ile simu, siku ya tano, na dirishani. Alipofika kwenye uongo, alianza, akaacha, akaanza upya, akaumaliza.

Yorgelis alingoja kofi, au kelele. Havikuja. Mama aliinuka, akamwendea Joice, akamshika mikono yote miwili.

"Samahani," alisema kwa Kireno chake kibovu. "Sana. Samahani."

Joice akacheka huku akilia. "Na mimi nilizungumza haraka," alisema. "Ningeweza kusema na tarehe."

Bi Zenaide alijikohoza na kukitazama kibuyu chake. "Na mimi nimekuja hapa kugombana, sikuuliza hata swali moja," alinung'unika.

Bi Clarice alimgeukia Nohemí. Yorgelis alitaka kutafsiri, lakini mkuu yule alimzuia kwa mkono. "Mwache. Nitasema polepole." Akamuuliza Nohemí neno kwa neno, akionyesha kwa vidole: amefanya kazi miaka mingapi, wodi gani, anaweza kumgeuza mgonjwa aliyepooza? Nohemí alijibu mwenyewe, jasho likimtoka. Penye neno alilokosa, alilala kwenye kochi la ofisi kuonyesha jinsi mgonjwa anavyogeuzwa, hata Bi Clarice akacheka.

"Ile nafasi imekwenda, siwezi kumnyang'anya aliyeipata," alisema mwishoni. "Lakini Oktoba msaidizi wangu mmoja anakwenda kujifungua, atakuwa nje miezi sita. Njoo wakati huo tukujaribu. Nina sharti moja tu. Wazee wangu wengine hawasikii vizuri, na wengine wana hofu. Lazima uzungumze nao mwenyewe. Usiniletee mtoto akusemee."

Walishuka kilima kwa miguu. Nohemí alimwambia Bi Zenaide awaache watembee. Upepo ulikuwa mkali. Yorgelis alivuta pua.

"Nipige tu, Mama."

"Nikupige ili iweje? Nipe mkono." Walitembea kidogo. "Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Siku ya kwanza ulikosea, na kukosea si dhambi. Lugha ni ngeni, sote tunabahatisha. Lakini uongo wako wa jana ulitaka kumfukuzisha kazi msichana asiye na kosa, na ulinifanya niuchukie mji mzima ambao haujanifanyia ubaya. Ningekurudisha kwenye njaa, Yorgelis, kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa."

"Nilikuwa nimechoka kuchekwa kila ninapouliza."

Mama alisimama. "Hilo hukuniambia."

Yorgelis akamweleza habari za Éverton na lile jina. Nohemí alisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki hii hii nitakwenda kumwona mwalimu wako," alisema. "Nitazungumza mwenyewe, hata wakinicheka. Nilikubebesha mzigo wa mtu mzima, nikaulaumu mgongo wako ulipopinda. Hilo ni kosa langu. Lako ni kuficha. Usipoelewa, sema hujaelewa. Ukikosea, sema umekosea, siku hiyo hiyo, kabla kosa halijaingia nyumba za watu. Watakucheka dakika moja, basi. Mtu mkweli hata akiwa hana nchi, hana karatasi, watu watampa mlango."

Jumamosi walikwenda wote wawili kwenye darasa la Kireno wakaketi safu ya mbele. Oktoba tarehe tatu, Jumatatu, Nohemí alivaa aproni nyeupe akaingia kwenye chumba cha bibi kizee asiyependa kuguswa na wageni. Alimsalimia kwa Kireno. Bibi hakusikia. Akamsalimia tena, kwa sauti kubwa zaidi, na bibi akamnyooshea mkono.