Niliolewa kwa Sababu ya Mashine Iliyogoma Kuwaka

Nina miaka thelathini na mitatu. Ninaishi mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, Kongo, na nina watoto watatu: wasichana wawili wa marehemu mume wangu, na mvulana mmoja wa mwanaume ambaye leo nashindwa kumwita mume. Jina langu naomba nibaki nalo. Niiteni Mama Zuhura, kama mtaa wote unavyoniita.

Sijui nianzie wapi… Labda nianze na Ramazani.

Ramazani ndiye aliyekuwa mume wangu wa kwanza, dereva wa lori. Wazee wake walitoka Maniema zamani kwa biashara, wakajenga Kasaji, na nyumba hii ya Manika ni ya ukoo wao. Safari moja alirudi kutoka Lubumbashi na mzigo wa ajabu: mashine ya michezo, zile kubwa za kusimama, zenye kioo, vishikio na vibonye. Ina mchezo wa kupigana na wa mbio za magari. Nilimgombeza sana! Nikamuuliza, tutakula kioo hiki? Alicheka tu. Akatoboa mlango chumba cha mbele, ukatazama barabara, akaisimamisha pale.

Kumbe alikuwa ananiachia maisha! Lori lake lilipinduka kwenye njia ya Tenke, na Ramazani akaletwa nyumbani amefunikwa shuka.

Nilikaa eda. Nilipomaliza tu, wakubwa wa ukoo wakaja. Baba mkubwa wa marehemu, tata Masudi, akasema si vizuri mjane mwenye umri wangu akae peke yake. Shabani, mdogo wake Ramazani, yuko tayari kunioa. Nikubali, watoto wabaki ndani ya damu yao.

Nilikataa. Kwa adabu, macho chini, lakini nilikataa. Nilikuwa bado nanusa mafuta ya gari kwenye mashati ya mume wangu, ningelalaje na ndugu yake? Niliwaambia mashine inatulisha. Na ilikuwa kweli! Wanafunzi walijaa wakitoka shule, wanalipia kila mchezo, na Jumapili walikuja wachimbaji wenye matope bado kwenye buti, wanapiga kelele kama watoto wadogo.

Shabani alikuwa amekaa pembeni siku ile. Aliuza redio na nyaya sokoni, na alikuwa fundi wa televisheni. Alitabasamu akasema, “Haina shida, shemeji. Roho hailazimishwi.” Nilimshukuru moyoni. Nilimwona muungwana kuliko wote…

Haikupita muda mrefu, mashine ikaanza kuumwa. Ilikuwa inasoma michezo kutoka kwenye diski, na kisomeo cha diski kilikuwa kimekula vumbi la malori ya migodi mpaka jicho lake likapofuka. Nilimwita Shabani. Akakifungua, akatikisa kichwa. Alisema kisomeo kama kile hakipatikani tena, lakini siku hizi kuna kifaa kidogo kinachowekwa mahali pake. Hakitumii diski. Unaingiza kadi ya SD, kama ile ya simu ila kubwa kidogo, na michezo yote iko ndani yake.

Akakiagiza Lubumbashi, akakifunga, na mashine ikaamka! Nilipiga vigelegele. Hakutaka malipo. Alisema ni kazi ya kaka yake.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikawasha. Kioo kikaonyesha maandishi ya kuanza, mstari wa kupakia ukasogea, ukafika katikati… pap! Ukarudi mwanzo. Ukasogea tena. Ukarudi tena. Wanafunzi walisimama mlangoni, wakachoka, wakaenda zao.

Shabani alikuja na begi lake la vyuma. “Njo kadi,” akasema, yaani ugonjwa uko kwenye kadi. “Hizi kadi za hapa ni za bongo, za uongo-uongo. Mama Zuhura, enda unipikie chai, hii kazi inaomba akili moja.” Niliporudi na chai, magari yalikuwa yanakimbia kwenye kioo.

Basi hivyo ndivyo maisha yangu yalivyogeuka. Inawaka siku kadhaa, inagoma. Anakuja, inawaka. Akipita kunisalimia tu, aangalie kama joto haliizidi, kesho yake inagoma!

Msidhani nilikaa tu nikilia. Nilihangaika! Nilitoa kadi nikayapangusa meno yake kwa kitambaa. Nilinunua kadi nyingine kwa mwarabu wa simu, nikamwomba kijana wa pale anakili kila kitu kama kilivyo, faili moja moja, kwa mpangilio uleule. Nilichomoa waya mpana unaotoka kwenye kile kifaa nikaurudisha. Niliipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria. Nilisoma hata dua juu yake… Mstari ulifika katikati na kurudi mwanzo, kama unanicheka.

Ila Shabani akiweka mkono, inaamka. Ningefikiri nini, ndugu zangu? Nilifikiri ana mkono wa baraka!

Wateja wakahamia kwingine. Zuhura na mdogo wake Halima wakarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Tukaanza kula mara moja. Tata Masudi akarudi, safari hii bila hata kukaa vizuri. “Mama Zuhura, unaona? Mashine ya mwanaume inaomba mwanaume. Na hii nyumba ni ya ukoo. Utaikaa kwa jina gani?”

Nilimtazama Halima, anakwangua masalio ya bukari, ugali wetu, chini ya sufuria kwa kidole. Nikasema ndiyo.

Tulifungishwa ndoa Ijumaa. Nililia, wakasema ni machozi ya furaha.

Na mashine? Toka siku ile haikugoma tena! Hata mara moja. Majirani walisema Ramazani ameridhika kaburini. Mi mwenyewe niliamini…

Lakini mi ndiye niliyegoma kuwaka. Shabani aliweka kufuli kwenye chumba cha mbele na funguo akazifunga kiunoni. Alisema mke wake hawezi kukaa mbele ya wachimbaji. Kutoka kwenda sokoni, niombe. Kwenda kwa dada yangu, niombe, na jibu likawa “kesho”. Nilikaa uani nikisikia mashine ikilia upande wa pili wa ukuta, watu wakishangilia, na mi nikipepeta unga. Nilipopata mimba, akawapeleka Zuhura na Halima Kasaji kwa bibi yao. “Kwa muda kidogo,” alisema, “upumuzike.” Muda kidogo ule haukuisha. Nikazaa mvulana. Shabani akampa jina la Ramazani. Jina la kaka yake! Kila nikimwita mwanangu, ilikuwa kama kidole kinaingizwa kwenye kidonda.

Ikafika Idi. Mama mkwe alikuja na wasichana wangu kutoka Kasaji. Niliwashika nikashindwa kuwaachia. Shabani alikuwa amekwama Tenke na mzigo, gari limeharibika. Hakutaka chumba kifungwe siku ya wateja wengi kama ile, akanielekeza kwa simu mahali alipoficha ufunguo wa pili.

Nilifungua. Watoto walijaa na nguo zao mpya. Nikawasha… Mstari ukasogea, ukafika katikati, ukarudi mwanzo.

Ugonjwa uleule! Nikampigia.

“Kioo kinafanya namna gani?” akauliza. Kwake kulikuwa na kelele za injini.

“Kinafika katikati, kinarudia mwanzo.”

“Ah! Courant ya umeme iko chini leo, batu bote banapika. Fungua nyuma. Kuko kasanduku ka chuma kanakogawa moto. Pembeni yake kuko kavisi kadogo keupe. Kamata turnevisi, zungusha polepole upande wa kuume, kama vile nafanyaka. Usipitishe, utaunguza bitu!”

Nyinyi mnaosoma kutoka mbali, kwetu “batu” ni watu, na mtu akisema “nafanyaka” maana yake ni jambo alilozoea, analifanya mara kwa mara. Neno lilipita sikioni, sikulikamata kwanza. Nilibana simu kwa bega, nikashika bisibisi, ndiyo turnevisi yenyewe, nikaingiza mkono nyuma. Kavisi kale, skrubu ndogo kama punje ya mchele, nilikaona. Nikakazungusha kidogo.

Mstari ukafika katikati… ukapita! Magari yakanguruma. Watoto wakaruka wakipiga makofi!

Mi sikuruka. Nilikuwa nakatazama kale kavisi. Kichwa chake kilikuwa kimechubuka pande zote. Mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mingine imeshika vumbi la zamani. Hakakuguswa mara moja wala mbili.

Nikakarudisha kushoto, polepole. Magari yakasimama. Mstari ukaanza, ukafika katikati, ukarudi mwanzo. Nikakaleta kuume. Magari yakakimbia.

Kushoto, njaa yangu. Kuume, ndoa yangu. Kadi ilikuwa nzima miezi yote ile! Ilikuwa inanyimwa moto tu, inasoma nusu na kuanguka. Na mkono uliokuwa unainyima ni uleule uliokuwa unakuja kuiponya wakati mi nachemsha chai!

“Hallo? Inawaka?” Shabani alikuwa bado kwenye simu.

“Inawaka.”

“Si nakuambia!”

“Shabani… hii kavisi, unaijua tangu lini?”

Nikasikia injini. Nikasikia watu wa Tenke wakiitana. Halafu akasema, taratibu, “Tutasema nikifika.”

Alifika kesho yake mchana. Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na pengine uongo ungeniumiza kidogo kuliko nilichopewa. Alikaa kitandani akavua viatu.

“Tulikuomba bizuri, ukakatala,” akasema. “Mi ningefanya je? Sikukupiga. Sikukuibia. Nilikupenda tu.”

“Batoto bangu balilala na njaa!”

“Na mi nilikuwa nakuya kila mara ukiniita. Nilikuacha siku gani?”

Jamani! Alikuwa anaamini anachosema!

Niliomba wakubwa waitwe. Wakaja, tata Masudi mbele. Nikaeleza yote. Tata Masudi akacheka mpaka akafuta macho. “Kavisi? Mwanamuke analeta batu bote hapa juu ya kavisi?”

Sikubishana. Niliwapeleka chumba cha mbele, nikafungua mgongo wa mashine, nikazungusha kushoto. Ikafa. Nikazungusha kuume. Ikaamka. Nikafanya tena. Hakuna aliyecheka sasa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kamshika Halima mkono. Ni mwanamke asiyeongea mbele ya wanaume. Alimtazama mwanawe.

“Shabani, batoto ba kaka yako balikosa chakula… na weye ulijua?”

Shabani aliinama akaanza kurudisha mgongo wa mashine.

“Ulijua?”

“Mama, mi—”

“Basi,” akasema. Akamgeukia tata Masudi. “Hawa batoto habatarudia Kasaji. Batabaki na mama yabo. Na funguo ya hii chumba, apewe yeye.”

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nilidhani nimeokoka! Nikaomba na talaka palepale. Lakini tata Masudi alikohoa, akasema ndoa haivunjwi kwa hasira, na mume hajakosa kunilisha tangu anioe. Shabani akainua kichwa. Alisema niko huru kuondoka nikitaka. Ila nyumba ni ya ukoo, mashine ni ya kaka yake, na mvulana ni wake.

Mnaelewa alichoniambia? Mlango uko wazi, ila nitoke mikono mitupu na maziwa yanadondoka kifuani!

Sikutoka. Ninaandika haya nikiwa bado ndani ya nyumba ileile. Wasichana wangu wako shuleni. Nakaa tena kwenye chumba cha mbele na mtoto mgongoni, na wachimbaji wananisalimia “mama” kwa heshima. Shabani analala chumba kingine, siku nyingi yuko Tenke. Akirudi, ananiuliza kama nimekula. Namjibu nimekula. Hatuna maneno mengine. Nimekwenda kwa shehe mara kadhaa kuomba anisikilize juu ya talaka. Ananisikiliza, ananiambia nisubiri. Ninasubiri, na kila mwezi mtoto anazidi kufanana na baba yake… naye simchukii hata kidogo, maskini. Amekosa nini yeye?

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu pia, nawaomba. Mtu anapokusaidia, mshukuru, lakini usimpe mgongo. Simama karibu naye. Mwambie, nionyeshe unagusa wapi, nami nijue. Akikuambia kazi hii haikuhusu, muulize kwa nini. Akikasirika, umekwisha kupata jibu, na ulipate mapema, kabla hujasema ndiyo mbele ya mashahidi.

Na usikubali ndoa siku ambayo watoto wako wana njaa. Kopa unga kwa jirani, omba, ubebe aibu kichwani upite nayo sokoni watu wakuone! Aibu ya kuomba unga inapita. Mi yangu kila ikirudi kutoka Tenke, inavua viatu mlangoni, na inaniuliza kama nimekula.