Ruta Ndogo ya Anujin

Tulikuwa tunafunga mizigo, tunahamia malisho ya baridi. Mume wangu Choijil akarudi kutoka mjini na boksi kubwa, furaha tele.

"Mama Anujin, njoo uone! Ruta yenye antena sita!"

Binti yetu Anujin alikuwa anasubiri usaili wa chuo cha uuguzi. Wangemhoji kwa video, na siku hiyo tungekuwa malishoni. Akiukosa usaili, amekosa chuo. Ndiyo maana tulitaka ruta, kifaa kinachoipa kompyuta intaneti bila waya.

Jirani yetu Dulmaa huuza manyoya ya mbuzi mtandaoni. Aliigeuza ile ruta, akacheka.

"Shemeji, hii utaichomeka wapi? Kwenye pembe ya ng'ombe?"

Choijil akanuna. "Muuzaji kasema inazishinda zote."

"Kwa mwenye umeme wa ukutani, sawa. Wewe ni mtu wa kuhama. Tafuta ruta ndogo ya safari, inayotumia chaja ya simu."

"Sola yetu itaiweza?" nikauliza.

"Itaiweza, haili umeme mwingi. Chagua yenye betri yake, jua likigoma isizime. Halafu ulizeni kama inakubali laini ya kampuni yoyote. Kule mnara ni wa kampuni moja tu. Ijaribuni na laini yake kabla hamjatoka dukani."

Choijil akaenda kuibadilisha. Aliyoileta ilienea kiganjani.

Tuliposimamisha hema malishoni, akaifungia ndani ya sanduku kubwa, pale ukutani mbele ya picha za wazee. Kwetu kitu cha thamani hukaa huko, upande wa kaskazini.

Jioni ya kuamkia usaili, Anujin akajaribu kupiga simu ya video. Picha ikaganda.

"Baba, nimekwisha!" Akaanza kulia.

Nilipanda farasi nikamfuata Dulmaa, naye alikuwa amehamia malisho yale yale, hema lake halikuwa mbali. Alipoingia tu akauliza, "Ruta iko wapi?"

"Sandukuni, mahali pa heshima," akajibu Choijil.

"Umeizika! Sanduku lote limepigwa shaba. Mawimbi yatapita wapi? Mnara uko kusini, upande wa mlango. Itundike juu, mlangoni."

"Mlangoni! Kitu cha mwanangu kikae na viatu na hatamu?"

"Unataka heshima au unataka intaneti?"

Choijil alimtazama binti yake. Akafungua mshipi wake wa hariri, akaitundika ruta mwenyewe juu ya mlango. Picha ikatulia.

"Na mbadilishe neno la siri lililokuja nayo," Dulmaa akaongeza, "wapita njia wasije wakawamalizia bando."

Kesho yake walimu walimhoji Anujin. Alijibu vizuri mpaka mmoja akauliza, "Kwenu ni mbali sana na chuo. Utaweza kuishi bila wazazi?"

Kimya.

Choijil aliruka kwenda kuiangalia ruta. Ilikuwa inawaka kijani, haina tatizo lolote. Kumbe ni binti yetu aliyekuwa anatutazama.

"Nitaweza," akasema mwishowe.

Chuo wakamchukua. Habari zikamfikia Choijil. Alitoka kwenda kwa kondoo, ingawa walikuwa wamekwisha kula na kunywa, nami nikamwacha alie kwa nafasi.