Kamba wa Pancras na Kiu ya Dorika

Majirani zangu wa Newala, leo nasema kwa hasira, na sitaomba radhi.

Nyumba ya Pancras ilikuwa na raha. Yeye ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Sebuleni alikuwa na matangi ya vioo yenye kamba wadogo wekundu wa maji baridi, wale wanaofugwa kwa kutazamwa tu. Jumapili baada ya misa, bintiye Dorika, mtoto wa chekechea, alibandika pua kwenye kioo na kusema, "Baba, huyu ana mayai tumboni." Mama yake, Imakulata, alicheka. Majirani tulijaa mlangoni tukisifu.

Pancras aliwazalisha kwa maji ya bomba. Maji hayo hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo huua kamba. Basi aliyaacha wazi kwenye mapipa mpaka dawa iishe nguvu, ndipo awabadilishie kidogo kidogo. Hapo hakukosea. Kila mtu ana anachokipenda.

Kiangazi kikaja. Mnajua wenyewe bomba letu wakati huo: linakohoa upepo, kisha kimya. Badala ya kupunguza kamba, Pancras aliongeza matangi. Maji yote ya bomba yakaingia mapipani, mapipa yakaingia stoo, na stoo ikatiwa kufuli. Imakulata akawa anateremka bondeni na ndoo, kwenye kisima cha wazi wanakokunywa mbuzi. Alipopata kuni alichemsha. Lakini mtoto mwenye kiu hangoji sufuria ipoe.

Dorika akaanza kuharisha na kutapika.

"Baba Dorika, nipe ufunguo," Imakulata alimwambia mumewe. "Mtoto anataka maji safi."

"Yale yameshatulia. Ukichota utanivurugia hesabu, na kamba wana mayai."

"Mwanao anatapika."

"Watoto hutapika. Mchemshie ya kisimani."

Nilikuwepo uani, nikaingia. "Baba Dorika, mtoto ana macho yamezama. Mpelekeni hospitali."

"Mama Oscar," akanijibu, "nyumba hii ina mwenyewe." Akaondoka kwenda kazini, ufunguo mfukoni.

Jioni mtoto hakuweza hata kulia. Imakulata alichukua shoka, akavunja kufuli, akachota. Tulimkorogea maji ya chumvi na sukari. Alikunywa vijiko viwili vitatu, yakarudi. Tukakodi gari kwenda hospitali. Wauguzi walimpokea mbio, wakahangaika naye sana. Tulikuwa tumechelewa. Dorika alifariki alfajiri.

Tuliporudi na maiti, tulimkuta Pancras, aliyekesha kazini ghalani, amesimama mlangoni mwa stoo.

"Nani amevunja kufuli?" aliuliza.

Imakulata aliuweka mwili wa mtoto mikononi mwa mumewe. Ndipo yule mwanamume akakaa chini.

Msibani wapishi wakakosa maji. Pancras akaburuta pipa lake kutoka stoo, akalisimamisha mbele ya mama mkwe wake, Bibi Theodora, aliyetoka Chiwata.

"Mama, chukueni haya."

Bibi Theodora aliyatazama. "Haya ni ya kamba," akasema. "Mjukuu wangu aliyaomba akanyimwa. Sisi tutakunywaje?"

Wanawake wakajitwisha ndoo zao, wakashuka bondeni. Hakuna aliyeligusa pipa. Matanga yalipoisha, Imakulata alifunga nguo zake akarudi Chiwata na mama yake. Pancras bado anaishi pale, na kamba wake wanazaana vizuri.

FUNZO

Sisemi msifuge kamba, wala samaki, wala njiwa. Nasema maji ya nyumbani yana mpangilio: kwanza mtoto, kisha mgonjwa na mzee, kisha chungu. Kinachobaki ndicho cha mapambo. Kisipobaki, mapambo yafe. Maji ya bomba aliyoyafungia stoo kwa ajili ya kamba, na dawa yake, ndiyo yaliyokuwa yakimlinda mwanawe. Maji ya kisima cha wazi yachemsheni, na mtoto anayeharisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja ruhusa ya mtu. Na wewe baba unayeshika ufunguo, mkeo asihitaji shoka ili mtoto wenu anywe.